Waya wa sabufa wa bei mbaya hauondoi mngurumo

Sabufa ni mwanachama wa Afrika Mashariki ambaye hakungoja mkataba wowote utiwe saini. Iko kwa kinyozi Mwanza, iko kwenye kibanda cha video Kampala, iko sebuleni Bujumbura, na kanisani Goma imefunikwa kitambaa kilichodariziwa na akina mama wa kwaya. Mchana inapiga rumba ya Kinshasa, jioni inapiga bongofleva, na hakuna ofisa wa mpakani aliyewahi kuiomba pasipoti.

Siku hizi imepata mpambe: waya maalumu wa sabufa. Ni mnene kama kidole, umevishwa soksi ya nailoni iliyosukwa, pini zake zinang'aa rangi ya dhahabu, una mishale midogo ya kuonyesha sauti inaelekea wapi, na unauzwa ndani ya kasha lenye dirisha. Waya wa kawaida wa RCA, ule wa pini nyekundu na nyeupe, unaupata Kariakoo kwa shilingi elfu tano za Tanzania au pungufu. Huo wa kasha nilitajiwa elfu 85, na baada ya kuombana sana tukafika elfu 70. Nilipomuuliza muuzaji kilichozidi ni nini, alinijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi: “Huu ni wa besi tu, kaka.”

Kwa kinyozi anayenyoa kwa elfu tatu, elfu 70 ni vichwa 23 na kidogo. Kwa hiyo swali si la wapenda muziki matajiri peke yao. Je, ziada hiyo ina thamani? Jibu langu ni hapana. Lakini si hapana ya mkato, maana kuna waya mbaya kweli, na kuna mahali ambapo waya rahisi utakutia hasara. Tatizo ni kwamba mahali hapo sipo wanapopaonyesha wauzaji.

Tuanze na kazi yenyewe. Sauti hupimwa kwa hertzi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000. Sabufa hupewa sehemu ya chini tu. Katika mfumo wa sinema wa Dolby, chaneli ya sabufa hukomea 120. Kamba nene kabisa ya gitaa la besi hutetema mara 41.

Kwa waya, hiyo ni kazi nyepesi kuliko zote. Angalia waya unaoshuka kutoka kwenye dishi lako hadi kwenye dekoda. Huo hubeba mawimbi ya mitetemo bilioni moja na zaidi kwa sekunde, kwenye jua na mvua, na hakuna aliyewahi kuuvisha nailoni wala kuuchorea mishale. Huu wa sabufa, unaobeba mitetemo 120 kwa kupita nyuma ya kochi, ndio unaoambiwa unahitaji matunzo ya bibi harusi.

Hesabu nyingine. Ndani ya waya mawimbi ya umeme husafiri kwa takriban kilomita laki mbili kwa sekunde. Gawa kwa 120, utapata kwamba wimbi moja tu la sauti ya sabufa lina urefu wa zaidi ya kilomita 1,600, ambao ni mrefu kuliko barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigali. Waya wako wa mita tano ndani ya wimbi hilo ni sawa na abiria wa Kigali ambaye bado yuko kwenye foleni ya mizigo stendi ya Magufuli. Hakuna jambo la maana linaloweza kulipata wimbi ndani ya umbali huo mdogo. Halafu upinzani: waya mwembamba wa mita 10 hauzidi ohmu mbili hivi, nao unaingia kwenye sabufa ambayo mlango wake una ohmu 10,000 au zaidi. Kinachopotea njiani hakifiki sehemu moja ya elfu.

Muuzaji atakwambia kuhusu shaba isiyo na oksijeni. Ipo kweli, na ni shaba safi. Lakini ubora wake wa kupitisha umeme juu ya shaba ya kawaida ya viwandani haufiki asilimia mbili, na hiyo ni asilimia mbili ya kitu ambacho tayari tumeona ni kama hakipo. Mishale nayo: umeme wa sauti huenda na kurudi, kwa hiyo haufuati mshale. Mshale una maana pale tu ambapo wavu wa ndani umeunganishwa upande mmoja, na kasha nililolishika halikusema neno juu ya hilo. Dhahabu kwenye pini sitaikataa moja kwa moja. Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam hewa ina chumvi, na pini ya kawaida huota kutu ya kijani ndani ya misimu michache. Dhahabu haipati kutu. Ila tabaka linalopakwa ni jembamba mno, na nyaya nyingi za bei ya kawaida zinalo vilevile.

Ubishi huu si wetu peke yetu, na wenzetu wa mbali wameutolea fedha. Nchini Marekani biashara ya nyaya za kifahari ilishika kasi baada ya Noel Lee kuanzisha kampuni ya Monster Cable mwaka 1979. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kuwaumbua waganga wa uongo, alitangaza kwamba atampa dola milioni moja mtu atakayeweza, kwa masikio tu na bila kuona, kutofautisha nyaya za spika aina ya Pear Anjou na nyaya za kawaida. Nyaya hizo ziliuzwa dola 7,250. Watu walijibizana, maneno yakawa mengi, na jaribio halikufanyika. Milioni ikabaki kwa mwenyewe.

Msomaji anaweza kufanya jaribio hilo nyumbani bila milioni. Azima waya wa kifahari kwa mtu, chukua na wako wa elfu tano. Mwambie jirani akae nyuma ya sabufa, arushe sarafu kuamua aunganishe upi, mara 10, wimbo uleule, sauti ileile, na asikuonyeshe uso wake. Wewe andika unachodhani. Kwa kubahatisha tu, nafasi ya kupata tisa au zaidi ni kama moja katika mia. Ukipata tisa, lipa elfu 70 na usijali ninachoandika hapa. Ukipata tano au sita, masikio yako hayana kasoro. Ni kwamba hapakuwa na cha kusikia. Mtu aliyetoka kulipa hela nyingi husikia alicholipia, na hilo linawapata hata mafundi wazuri.

Sasa nije kwenye kinachosikika kweli, ambacho ndicho huwapeleka watu wengi dukani: mngurumo. Sabufa imewashwa, hakuna wimbo, na bado inavuma kama nzi aliyenaswa ndani ya chungu.

Umeme wetu wa gridi, kuanzia Mombasa mpaka Bukavu, hutetema mara 50 kwa sekunde. Namba hiyo inaangukia katikati kabisa ya shamba la sabufa. Spika ndogo ya televisheni haiwezi kuutoa mtetemo huo hata ukiwamo. Sabufa imetengenezwa kwa ajili ya mitetemo ya aina hiyo, kwa hiyo inautoa wote, tena kwa nguvu. Mngurumo huingia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni hewani: waya wa sauti umelala sambamba na waya wa umeme, na wavu wake wa ndani ni nyuzi chache zilizozungushwa ovyo, kwa hiyo unadaka. Ya pili ndiyo tele huku kwetu: vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti havikubaliani kuhusu ardhi.

Rafiki yangu mwalimu alihamia Kigali kutoka Dar es Salaam na televisheni yake na sabufa yake. Plagi za Tanzania, Kenya na Uganda ni zile za pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo wanatumia pini za duara. Akanunua adapta ndogo za kuingiza pini bapa kwenye soketi ya duara, kama afanyavyo kila anayehama. Adapta za aina hiyo mara nyingi hazina pini ya ardhi, ile ambayo mafundi huiita eathi. Umeme mdogo unaovuja ndani ya televisheni, ambao Dar es Salaam ulikuwa ukishuka ardhini kimyakimya, sasa ukakosa njia. Ukigusa bati la nyuma vidole vinatekenywa. Umeme huo ukajitafutia njia kupitia wavu wa waya wa RCA hadi kwenye sabufa, na sabufa ikaanza kunguruma.

Dukani alishauriwa anunue waya maalumu. Akanunua. Mngurumo ukapungua kidogo, kwa sababu wavu wa waya ule ulikuwa mnene zaidi na upinzani wake mdogo, lakini haukwisha. Fundi aliyekuja baadaye hakugusa waya wa sauti. Alizitupa adapta, akabadilisha vichwa vya plagi, akachomeka televisheni, dekoda na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye eathi, na nyumba ikanyamaza. Waya wa RCA wa zamani uliporudishwa, kimya kilikuwa kilekile.

Kisa hiki kinabeba karibu kila ninachotaka kusema. Kilichoondoa mngurumo kilikuwa eathi. Na eathi si suala la muziki tu. Vidole vinavyotekenywa leo ni dalili ya nyumba ambayo, siku kifaa kikiharibika vibaya, mtoto akishika bati hilo hakutakuwa na njia nyingine ya umeme isipokuwa mwili wake. Anayeuza waya wa elfu 70 kama dawa ya mngurumo anaizima kengele na kuuacha moto ukiwaka. Wapo pia mafundi wa mtaani wanaokata pini ya eathi ili mngurumo uishe. Wakati mwingine unaisha kweli. Usikubali kamwe.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya upelelezi, sauti ikiwa chini. Chomoa waya wa RCA upande wa sabufa. Kama bado inanguruma, ugonjwa uko ndani ya sabufa yenyewe, aghalabu kapasita zilizochoka, na hakuna waya duniani utakaoutibu. Kama imenyamaza, rudisha waya, kisha chomoa ule wa dishi nyuma ya dekoda. Ikinyamaza hapo, dishi na nyumba yako vina ardhi mbili tofauti zinazogombana. Kama hiyo nayo haikusaidia, tenganisha waya wa sauti na wa umeme, na mahali ambapo lazima vikutane vipishane kama njia panda badala ya kulala pamoja. Upelelezi wote huo ni dakika 10.

Niliahidi kusema waya rahisi unatia hasara wapi. Ni kwenye sabufa isiyo na amplifaya ndani, kama za kumbi za harusi, za baa na za kwenye magari. Hapo waya haubebi tena ishara ndogo ya sauti, unabeba nguvu yenyewe, na mlango wa spika ni ohmu nne au nane tu. Chukua spika ya ohmu nne iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi ni karibu ohmu 0.7, na takriban asilimia 15 ya nguvu uliyonunua inaishia kupasha waya moto. Tumia wa milimita mraba 2.5, hasara inashuka hadi asilimia tatu hivi. Hiyo ni tofauti ya kweli, na waya wa 2.5 ni uleule fundi anaotumia kwenye soketi za nyumba. Hauhitaji jina la kifahari.

Unahitaji kuwa shaba, na hapa ndipo wizi ulipo. Nyaya nyingi za spika na za magari zinazouzwa kwa rangi ya shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba. Maana yake, waya uliouziwa kama 2.5 unafanya kazi kama wa 1.5 au karibu na hapo. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenyewe. Hata mkono utakwambia, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu. Cha kusikitisha ni kwamba aluminiamu hiyo nayo huja kwenye kasha zuri lenye dirisha. Bei kubwa haikulindi.

Na shaba inatoka wapi? Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile. Malori yanaitoa Lualaba na Haut-Katanga, mengine yanakuja mpaka bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya shaba hiyo inakwenda China. Inarudi kama waya. Mei 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la London. Hata kwa bei hiyo ya juu, gramu 100, ambazo ni nyingi kuliko shaba iliyomo ndani ya waya wa RCA wa mita tatu, ni dola moja tu. Zilizobaki ni soksi ya nailoni, kasha, meli, ushuru, kodi na maneno. Mchimbaji wa Kolwezi haoni senti ya ziada kwa sababu mtu wa Kariakoo amelipa elfu 70.

Ndiyo maana naona hili ni jambo la Jumuiya, ingawa najua wapo watakaocheka kuona waya wa sabufa kwenye ukurasa huu. Mfanyabiashara mdogo anayevuka Rusumo au Namanga na bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, ana utaratibu rahisi wa forodha. Waya uliotoka China hauingii humo. Waya wa kiwanda cha kwetu unaweza kuingia, na viwanda vya nyaya tunavyo, kwa mfano East African Cables ya Nairobi. Lakini mnunuzi atauchaguaje waya wa shaba halisi wa jirani, wakati wa aluminiamu uliopakwa rangi umelala kando yake na hakuna lebo inayolazimishwa kusema ukweli?

Jumuiya ina sheria ya viwango na upimaji tangu 2006. Kila nchi ina taasisi yake: TBS Tanzania, KEBS Kenya, UNBS Uganda, RSB Rwanda. Ninachopendekeza ni kidogo. Kila waya wa umeme na wa sauti unaouzwa ndani ya Jumuiya uandikwe vitu vitatu kwenye ganda lake, siyo kwenye kasha linalotupwa: ni chuma gani, ni milimita mraba ngapi, na kama una wavu, unafunika asilimia ngapi. Uandikwe kwa Kiswahili, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya na ndiyo inayosomwa Kariakoo na Lubumbashi. Na adapta isiyo na eathi isiruhusiwe kuuzwa kwa vifaa vyenye pini ya eathi. Tunajadili soko la pamoja tangu 2010 huku jokofu la Arusha likifika Bujumbura likiwa limepoteza kinga yake kwenye adapta ndogo ya bei ya chupa ya soda.

Wauzaji watasema lebo zitaongeza gharama. Huenda. Ila waya wa elfu 70 umekwisha kuandikwa mengi, na herufi za dhahabu juu yake hazikuwa bure.

Kwa sasa, mwenye elfu 70 mkononi achukue waya wa elfu tano ambao pini zake zinabana na wavu wake umejaa, usiwe mrefu kuliko inavyohitajika. Achukue na ekstensheni nzuri yenye eathi. Kinachobaki ampe fundi umeme mwenye leseni aje na mita yake, apime kama eathi ya nyumba inafika ardhini au inaishia ukutani.